Siga ya Baba

Nakumbuka hadi leo ilivyolia: kach, kach, kach, taratibu, kama mtu anayekanyaga maganda makavu ya maharage. Baba alikuwa ameishika siga yake kwa vidole viwili karibu na sikio, anaiminya kidogo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika.

"Imekauka vizuri," alisema.

Kwenye loji ninapohudumu mezani, hapa hapa Karatu, siga, yaani ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, hukaa ndani ya sanduku la mbao lenye unyevu wake. Kaka wa kaunta alinifundisha mapema: ukiiminya karibu na sikio, usisikie kitu. Ikilia, imekufa.

Na ya baba ilikuwa inalia.

Baba, dereva wa watalii, alipewa na mgeni mmoja mzee aliyezungushwa naye kwenye kreta, lile bonde la wanyama, zamani kidogo, nikiwa bado shule. Mgeni alimwambia asiivute ovyo. Aiweke mpaka siku atakayoacha udereva, akae chini, aivute polepole, na itakapoisha, kazi nayo iwe imeisha. Baba aliipenda sana habari hiyo. Akaihifadhi kama anavyojua mtu wa kijijini Endamarariek: darini jikoni, juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi, pale bibi alipokuwa akiweka tumbaku yake isiingie ukungu. Moshi wa kuni ukaipiga msimu kwa msimu. Mwaka huu macho yake yakashindwa kipimo cha leseni. Akarudisha ufunguo wa gari ofisini, akaja nyumbani, akapanda kigoda, akaiteremsha.

Ningeweza kumwacha aivute vilevile. Ingewaka kama karatasi na kumchoma koo, na miaka yote ya kushuka na kupanda kreta ingeishia kwenye kikohozi. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka. Kwanza alicheka, akauliza tumbaku mbichi nani anavuta. Halafu akaacha kucheka, akauliza kama inaponyeka.

Nilichukua kopo la plastiki la chakula, nikaweka kitambaa kibichi upande mmoja na siga upande wa pili, visigusane, nikafunika na kusukuma chini ya kitanda changu. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja. Baba hakuijua kazi hiyo. Kila jioni alikuja kuchungulia, na mama, huku anachambua mboga, alikuwa akimuuliza, "Mzee, mgonjwa ameshindaje?" Alisema sisi watoto tulipougua surua hakuwahi kutuinamia hivyo.

Ikafika siku nikaiminya, ikanyamaza. Ila jani la juu lilikuwa limepasuka karibu na sehemu ya kuweka mdomo. Nikajua tumeishia hapo. Baba akaomba yai.

"Nimeziba rejeta ya gari inayovuja kwa ute wa yai kwenye mteremko wa kreta, wageni wamejaa ndani," alisema. "Jani ndilo litanishinda?"

Akapaka kwa ncha ya kidole, akalaza jani, akapuliza. Likashika.

Jumapili baada ya kanisa alikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, amevaa shati la ibada. Nilikata ncha kwa kisu cha jikoni, nikamwambia apashe moto upande wa pili kwanza bila kuuchoma, na moshi asiumeze, auzungushe tu mdomoni. Mvuto wa kwanza moshi aliumeza. Machozi yakamtoka, na mama akasema kutoka jikoni kwamba kuku wanahama. Mvuto wa pili akaushika, akauachia polepole.

Wageni wetu husema yao inanukia chokoleti, wengine karanga, wengine ngozi. Mimi sivuti, lakini kwa maneno hayo nimeshajijengea baraza langu kichwani, viti vinatazama kreta, na mwenye baraza ni mimi. Nikamuuliza baba yake inafanana na nini. Alifikiri sana.

"Siti ya gari jipya," alisema. "Asubuhi, mgeni hajakaa bado."

Baadaye akaongeza kwamba kwa chini kuna kuni za mama. Majivu yalisimama meupe, magumu, naye hakuyakung'uta. Aliyatazama kama anavyotazama geji ya joto la injini.

Ilipofika nusu, akaanza kuchelewesha mivuto. Magari ya watalii yalikuwa yanarudi kutoka geti la hifadhi, na kila lililopita barabarani alilitajia ugonjwa wake bila kugeuza kichwa: hili mkanda umelegea, lile gia ya pili inakataa.

"Baba, itazima hiyo."

"Najua." Akaigeuza kidoleni. "Ikiisha hii, binti yangu, mimi sina kazi tena."

Gari moja likakohoa, likasimama mbele ya nyumba, na sauti ya dereva kijana ikaita shikamoo, mzee yupo? Baba aliilaza siga kwenye sahani, akafuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi, akazunguka nyumba karibu anakimbia. Nikasikia boneti inafunguliwa, halafu baba anaagiza apewe spana.

Siga haikandamizwi kama sigara, huachwa izime yenyewe. Lakini upepo wa jioni ulikuwa umeanza, na kila ulipopita ncha iliwaka nyekundu na kula jani. Nikaichukua ile sahani, nikaiweka nyuma ya pipa la maji, upepo usiimalize.