Chupa ya Daktari na Kichwa cha Shomari

Nianze kwa kukiri kwamba siku ile nilijiaibisha mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, na nikikumbuka hata leo masikio yanapata moto. Mimi mnanijua, sipendi uzembe, na enzi zile za vijiji vya ujamaa pale Kibuta mwanamke aliyechelewa shamba la kijiji alikuwa akiniona anapita njia nyingine. Basi mimi huyo huyo ndiye niliyetaka kumpasulisha mume wangu kichwa.

Shomari (babu wa hawa wanaocheka hapa) alipanda mnazi wa kijiji kuangua madafu, akaangua vizuri, akaanza kushuka vizuri, kimebaki kimo cha watu wawili tu mguu ukateleza, huyo chini, kichwa kwenye kisiki! Akazimia kidogo, akaamka anauliza jembe lake liko wapi na wala hakuja na jembe. Tukampakia kwenye lori mpaka hospitali moja upande wa Kibaha, na tulipofika anazungumza, anatambua watu, ila tundu moja la pua linadondosha maji, tone, tone, meupe kama ya kisima.

Daktari akasema maji yale lazima yapimwe. Nesi akanipa kichupa, kakibandika plasta katikati, akaniambia, "Mama Zuhura, mwinamishe, ukinge hapa mpaka yafike kwenye plasta. Yake tu, usichanganye na kitu."

"Mwanangu, mimi si mtoto," nikamjibu (tena kwa sauti, wodi nzima ikasikia).

Nikakinga tangu asubuhi mpaka jua la utosini, mkono umekufa ganzi, Shomari analalamika shingo, hatimaye plasta ikafikiwa. Nikakiweka dirishani nimwite nesi, na hapo hapo akaingia wifi yangu Mwajuma, dada mkubwa wa Shomari, na kikapu cha madafu, yale yale aliyoyaangua mdogo wake kabla ya kuanguka. Nikageuka kwa pupa, "Shikamoo wifi!" na upindo wa kanga ukakikumba kichupa. Maji yote sakafuni!

Hakuna aliyeona. Ningesema tu "nesi, yamemwagika," tungeanza upya na yangeishia hapo. Lakini nitasemaje mbele ya Mwajuma, ambaye tangu siku ya harusi anasema mdogo wake ameoa mdomo? Naye alikwishafungua dafu moja, nesi akapita mbio akakataza mgonjwa asinywe kitu, liko juu ya stuli limejaa. Nikalitazama dafu, nikakitazama kichupa. Yale yalikuwa meupe, na haya meupe. Mwajuma alipoinama kumpa pole nduguye nikamimina mpaka kwenye plasta, nikakaza kifuniko, nikamkabidhi nesi kwa mikono miwili. Akanisifu!

Haukupita muda nikasikia viatu vinakuja mbio. Daktari mbele, bwana wa maabara nyuma, ameshika kijibomba cha kioo na ndani yake kitu chekundu kama tofali.

"Mama, mumeo ana ugonjwa wa sukari?"

"Hana."

"Basi haya ni maji ya ubongo!"

Akanieleza huku anahema kwamba ubongo umezungukwa na maji yake, na maji hayo yana sukari kwa sababu sukari ndiyo chakula cha ubongo, lakini makamasi ya mafua hayana, kwa hiyo wakitia dawa yao ya buluu wakachemsha, makamasi yanabaki buluu, maji ya ubongo yanageuka rangi. "Tungeona kijani, au manjano kidogo, tungeelewa. Nyekundu namna hii sijapata kuiona! Fuvu lina ufa, na humo ndani kuna jambo tusilolijua. Anakwenda Dar es Salaam sasa hivi, wakamfungue kichwa."

Jamani! Gari likawashwa nje, Mwajuma akaanza kulia kama yuko matangani, Shomari anauliza, "Wakishafungua, watafunga?" Nesi kaja na beseni na wembe, kwaru, kwaru, nywele za upande wa kulia zinadondoka, na mimi nimesimama nimekumbatia dafu. Nesi alipohamia upande wa kushoto nikapiga ukelele:

"Acha! Ni dafu!"

"Dafu gani tena, mama?" akauliza daktari.

"Mliyoyapima. Ni maji ya dafu. Ya kwake nilimwaga."

Daktari hakunifokea (afadhali angenifokea). Akachukua kichupa kingine, akakinga matone mwenyewe, na sisi tukaandamana naye mpaka mlango wa maabara, hata wagonjwa wenye magongo wakaja, nani akubali kukosa? Dawa ya buluu ikatiwa, ikashikwa juu ya moto. Ikatokota. Buluu. Ikatokota tena, mimi namwomba Mungu asinihukumu kwa dafu moja. Buluu ile ile!

"Mafua," akasema daktari.

Watu wakapiga makofi, Mwajuma akapiga vigelegele, kisha akanigeukia. "Wifi, yaani ungeacha mdogo wangu akapasuliwe, na dafu lenyewe nimelibeba mimi?"

Nikajifunika kanga usoni, mimi mwenye mdomo.

Wakamweka siku chache kumwangalia, tukarudi Kibuta naye nusu nywele, nusu kipara. Nikaleta wembe nimalizie, akausukuma mkono wangu. "Huu upande hauguswi mpaka usimame shambani uwaeleze wenzako, kwa mdomo wako ule ule unaowafokea."

Nilidhani atachoka. Siku tatu anatembea kijijini vile vile, kofia hataki, akiulizwa anasema, "Kamuulizeni Mama Zuhura." Siku ya nne nikasimama katikati ya matuta, mbele ya kila mwanamke niliyewahi kumfokea, nikasema yote, na plasta nikaitaja. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Jioni nikamnyoa upande wa pili.

Tangu hapo nikimwaga kitu nasema nimemwaga, kabla sakafu haijakauka, hata kama Mwajuma yuko mlangoni.