Muwa wa Kwanza Ni wa Moshi

Nilipokuwa mtoto, hakuna mchawi aliyetutisha kama kipande cha muwa kilicholiwa kabla ya wakati wake. Wachawi tuliwajua kwa majina, na mmoja wao alikuwa akitusalimia vizuri tu kila asubuhi. Lakini muwa wa kwanza wa msimu ulikuwa wa moshi. Mpaka bomba la kiwanda cha sukari litoe moshi, hakuna mtoto wa kambi yetu ya wafanyakazi aliyethubutu kutafuna hata ganda. "Ukikula mbele ya moshi," mama alikuwa akituambia, "moto utakataa kuwaka."

Mji wetu ulikuwa mdogo, kaskazini kabisa mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Uliishi kwa sukari, kwa pamba kidogo, na kwa ndagala, wale samaki wadogo walioanikwa mchangani mpaka nguo zetu za kanisani zikanuka. Ninapouota sasa, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ndoto huanza na pua: sukari inayochemka upande huu, ndagala upande ule. Hapa nako kuna ziwa, na watu hunifariji nalo. Ni ziwa zuri, silitukani. Ila halinuki sukari.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mwasha tanuru wa kiwanda. Siku ya kwanza ya msimu alivaa ovaroli iliyopigwa pasi, mama akamsindikiza hadi mlangoni, na kambi nzima ikanyamaza ikitazama juu. Moshi ulipotoka wanawake walipiga vigelegele, nasi tukakimbilia mashambani. Siku hiyo nilitembea kwa maringo, maana papa wangu ndiye aliyeuwasha mji.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, msimu ulichelewa. Miwa ilisimama mpaka ikatoa maua, na papa alirudi kila jioni na jibu lile lile: bado kidogo. Siku moja nikitoka shule nilipita kando ya shamba. Sitamsingizia shetani, nilikuwa na hamu, basi. Nilivunja muwa mmoja, nikachuchumaa kwenye mfereji nikautafuna wote, nikayafukia makapi, nikaenda kunawa mdomo ziwani. Sijapata kula kitu kitamu kama kile, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Moshi haukutoka mwaka ule. Wala mwaka uliofuata.

Nani angenitetea? Nilikuwa nimeonywa, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. Duka kubwa lilifungwa, majirani wakafunga mizigo, shule ikabaki na mwalimu mmoja. Kila lori lililobeba magodoro ya watu nililiona limeondoka kwa sababu yangu. Papa aliendelea kuvaa ovaroli saa ya zamu, akakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, macho kwenye lile bomba. Mara ngapi nilisimama nyuma yake nikitaka kumwambia, kisha nikarudi ndani.

Vita vilipofika, mama alimfunga mdogo wangu Baraka mgongoni, akanishika mkono. Papa hakuja. "Benye kiwanda bakirudi kuwasha, nani anajua ile tanuru?" alimwuliza mama. "Muende. Nitabafuata." Hatukumwona tena. Miaka mingi baadaye msafiri mmoja alituletea habari kwamba amezikwa karibu na ziwa, na kwamba mpaka mwisho wake alikuwa akikaa pale pale kwenye kigoda.

Basi akili yangu ya kitoto iliyafunga mambo yote kwa fundo moja: nilikula muwa, moto ukakataa, papa akabaki kuungoja. Nimekua nalo. Nimelima mahindi na maharage katika udongo wa Uganda, nimeolewa, nimezaa watoto watatu, na muwa sikuutia mdomoni tena. Watu walidhani nina meno mabovu, nikawaacha wadhani.

Mwaka jana mama alipasuliwa macho katika hospitali ya Ruharo, mjini Mbarara. Baraka, ambaye sasa ana boda boda yake mtaa wa Kakoba, mjini humo, alituletea mfuko wa miwa iliyomenywa, akarudi kazini. Nesi alimtazama mama na kile kipande mkononi. "Mama, wewe hapana tafuna ngumu," alisema. "Nyonya tu, pole pole." Mama akanyonya, bandeji macho yote mawili, akiwa ameridhika kabisa. Kisha akainua kichwa.

"Mbona sikusikie weye ukitafuna?"

"Sina hamu, mama."

"Toka tufike huku hauna hamu. Leo njo nimefungwa macho, zile siku zingine nilikuwa naona."

Nikamwambia. Mfereji, makapi, papa, yote. Mtu mzima mimi, nikilia wodini mpaka wagonjwa wa jirani wakageukia ukutani kwa heshima.

"Na miye nilikulaka," mama akasema.

"Lini?"

"Mwaka ule ule. Nilikuwa na mimba ya Baraka, hamu ikanishinda. Kisha nikaogopa mingi. Nikamwambia papa yako."

"Akasema nini?"

"Akaniomba kipande. Akakula, akacheka. Akasema ile tanuru ilishapasuka tumbo toka mwaka wa nyuma, haitawaka tena. Tukule tu."

Kumbe alijua. Zile asubuhi zote, na ovaroli iliyopigwa pasi, alijua.

"Sasa alibaki kwa nini?"

Mama alipapasa kitanda mpaka akaupata mkono wangu. "Pale njo ilikuwa fasi yake, mahali pake," alisema.

Ungedhani mzigo ulinishuka nikarudi nyumbani nikiimba. Ulinishuka kweli, lakini nikabaki nikiutafuta. Muda wote nilioamini kwamba nimeuua mji, niliamini pia kwamba ungeweza kuishi, kwamba siku moja nikitubu vizuri bomba litatoa moshi na mtu atainuka kutoka kwenye kigoda. Sasa ninajua ulikufa bila msaada wangu. Namkumbuka papa zaidi kuliko nilipokuwa na hatia, na sina wa kumwomba msamaha.

Nilipanda miwa michache nyuma ya nyumba, huku Nakivale. Mwezi uliopita ilikomaa. Nilikuwa nimeshaupindisha wa kwanza, panga mkononi, mama akaniambia ngoja. Alitoa kigoda kitupu nje, akaenda kwenye mafiga, akachochea, akatupia majani mabichi ili moshi uwe mwingi. Tukasimama wawili tukiutazama ukipanda juu ya bati. Yeye anajua, na mimi ninajua.

"Haya, kata," alisema. "Kipande cha kwanza uweke kwa kigoda."