Kidonda cha Mdomo Siku ya Koito

Hii kitu nimewaficha nyinyi miaka saba na nikiikumbuka masikio bado yanapata moto, lakini kwa vile kila siku mnaniuliza mbona sijaoa, wacha niseme ndio mcheke mara moja mmalize.

Siku hizo nilikuwa fundi wa welding, nakaa chumba kimoja pale Huruma, na Chebet alikuwa anakuja kila Jumapili saa nane akitoka kanisa, anavua viatu mlangoni, anaimba akichagua mchele. Jamani, nilikuwa na raha na sikujua. Sasa Jumapili moja tukalala pamoja bila kinga, na Jumatano nikaamka na kidonda kwa mdomo. Badala ya kumuuliza, ama kupitia kliniki, nikauliza simu, na simu ikasema herpes, ule ugonjwa wa zinaa wa malengelenge (ukitaka kuugua haraka, uliza simu). Kuanzia hapo Chebet akipiga sishiki.

Jumamosi ikawa koito ya kaka yangu, tumeenda Cheptiret kuomba msichana, binamu ya huyo huyo Chebet. Na kwetu mkishakubaliwa, kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kulala, kinazunguka, kila mtu anapiga funda moja, mdomo kwa mdomo, na ukikataa ni kama umekataa ukoo mzima. Na nani ananiletea kibuyu? Chebet, amefunga leso, ananiangalia na maswali yote ya wiki.

Nikasema, "Leo nimefunga."

"Umefunga na umemaliza sahani mbili za nyama?" akauliza mama ya msichana, watu wakacheka.

Nikasema basi ni tumbo. Mzee wa boma akasimama polepole. "Kijana, kama una neno na nyumba yetu, liseme sasa."

Kaka yangu amenitolea macho, jasho linamtoka, naona harusi yake inaharibika kwa sababu yangu, na hapo ndio nikamwaga kila kitu: "Mzee, si nyumba yenu, ni mdomo wangu! Nina herpes, naogopa kuwaambukiza!"

Macho yote yakanitoka mimi yakaenda kwa Chebet, kwa sababu boma nzima ilijua Jumapili anakuwanga wapi. Hiyo, nawaapia, sikuwa nimeifikiria. Akampa shangazi yake kibuyu, akaniambia tu, "Si ungeniuliza, Kip," akaingia jikoni.

Jumatatu nikaenda kliniki. Nesi akaangalia, akauliza, "Ulikula nini moto?" Nikakumbuka mahindi ya kuchoma ya Jumanne jioni, niliyouma hata kabla hayajatoka vizuri kwa makaa (njaa ya fundi). Akaniambia hata ingekuwa herpes, watu wengi wanaishi nayo vizuri, dawa ziko, bora tu uongee na mwenzako. Nikatoka hapo nikampigia Chebet, mara nne. Hakushika.

Kaka yangu alioa, na mpaka leo nikienda kwake mursik naletewa na kikombe changu pekee, wananitania. Kidonda kilipona kwa wiki moja. Tangu hapo nimeapa, jambo likiwa la watu wawili namuuliza mwenyewe kwanza, simu ingoje. Lakini Jumapili nikitoka kanisani, bado siweki komeo mlangoni mpaka saa nane ipite.