Benchi Lililokataa Kutoka

Majuzi nilirudi Likasi kwa matanga ya ndugu. Uani kulikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, vyeupe, vyote sura moja. Nilivihesabu mara mbili, tabia ya biashara, nikabishana na mwenye navyo mpaka akapunguza bei huku akiapa kwamba nimemnyonya. Nilishinda. Kisha nikakalia kimoja, na aibu ya zamani ikaja kuketi pembeni yangu.

Unakumbuka ilivyokuwa, rafiki yangu. Mtu akifa mtaani, vijana walipita nyumba kwa nyumba kukusanya viti, na chini ya kila kiti kulikuwa na jina la mwenyewe kwa rangi. Nyumba isiyotoa kitu ilisemwa kuliko marehemu. Baba alikuwa karani wa kiwanda. Miaka ile kiwanda kililipa kwa ahadi, na ahadi haipikiki. Viti vyetu vya saloni, chumba cha wageni, viliondoka kimoja kimoja, vikarudi kama unga wa bukari, ugali wetu. Tulipomaliza kuvila, mzee wa ng'ambo ya barabara akaanza kukohoa vibaya.

Baba akaamua kujenga benchi la nje, refu, lenye mgongo, kwa mbao za makasha ya vipuri. Lakini karani mzima aonekane uani akigonga misumari? Akajifungia chumba cha nyuma. Ili majirani wasisikie nyundo, mama alitwanga sombe, majani ya muhogo, karibu na dirisha, pigo kwa pigo. Sombe ilipokwisha, akaendelea kutwanga kinu kitupu. Jioni tulikula bukari kwa chumvi.

"Mama, kwenu balisha kulipwa?" aliuliza jirani wetu, mwanamke asiyepitwa na jambo. "Sombe asubui, sombe mangaribi!"

"Tunatwanga tu, mama," mama akajibu bila kupoteza mdundo.

Tulikuwa tunashindana na pumzi ya mzee wa watu. Mimi nilimwombea kila usiku aishi, angalau mpaka mgongo wa benchi upigiliwe.

Alifika mpaka hapo. Asubuhi ya msiba baba alipaka jina letu chini ya benchi, akaliinua. Mlango ukalipitisha nusu. Ukuta wa korido ukalikataa. Akaligeuza, likakwama zaidi. Alikuwa amepima kila ubao, hakupima korido.

"Baba, viti!" vijana waliita nje. Waliposikia anavyohangaika, wakaingia kusaidia, kwa heshima kabisa, viatu mkononi. Wakajikuta katikati ya saloni yetu. Humo mlibaki tu picha ya Bikira Maria ukutani, na sakafuni alama za miguu ya kabati.

Wakubwa walitazama chini. Mdogo wao akawauliza kaka zake, "Ba yaya, miye nilizania saloni yabo iko huku?" Akapigwa kofi la kisogo.

Baba akachukua msumeno, akakata miguu ya benchi. Likatoka limebebwa kama mgonjwa, na pale barabarani, mbele ya watu wa msiba, karani akaanza kuipigilia miguu upya. Safari hii hapakuwa na kinu. Jirani yetu alisikiliza, kichwa upande.

"Mayo!" akasema. "Kumbe ile sombe yote ilikuwa misumari!"

Watu walicheka, pale pale msibani. Baba hakuinua uso. Mimi niliinama kutafuta msumari uliopotea, na niliutafuta mpaka kicheko kilipokwisha. Hakuna msumari uliokuwa umepotea.

Benchi halikurudi ndani. Lilibaki uani, mvua ikalila polepole, na kila mpita njia alilikalia.

Siku hizi hakuna kijana anayeingia kwako kuchukua kiti. Mwenye kukodisha analeta kwa mkokoteni, anahesabu, anaondoka, na saloni yako inabaki siri yako. Ningepaswa kushukuru. Lakini katikati ya sala, mkono wangu wenyewe ulishuka chini ya kile kiti cheupe, ukapapasa, ukitafuta jina la mtu.