Singeli Juu ya Msiba wa Mzee Fakihi

Kama kuna kazi ambayo Kudra Musa hataki mtu aitie mzaha, ni kusoma matangazo ya vifo. Katika ile redio ndogo ya jamii pale Kilwa Masoko wenzake hugombania salamu na mpira. Yeye kajichukulia vifo. Husoma jina la marehemu, ukoo wake, watoto walioko Songo Songo na Lindi, na saa ya maziko, kisha hunyamaza kidogo ili watu majumbani wamalize kusema innalillahi. Kile kimya alikianzisha mwenyewe, na wasikilizaji wamekizoea.

Ndani ya kimya hicho ndipo lilipomkuta la kumkuta. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta imezimika, mitambo mingine inakwenda kwa betri ya sola. Kudra akamsoma Mzee Fakihi wa Kipatimu vizuri kabisa, akanyamaza. Umeme ukarudi. Kompyuta ikajiwasha, na programu ya muziki aliyoiweka Haruna, mtangazaji wa kipindi cha vijana, ikajifungua yenyewe bila hodi na kuanza kupiga singeli. "Tikisa, tikisa hilo zigo!" Hewani! Juu ya maiti ambayo hata haijaoshwa! Kudra alikirukia kitufe cha sauti, lakini maneno yalishatoka.

Haruna alicheka. Mtu mzima na ndevu zake, alicheka!

"Dada Kudra, ndivyo kompyuta zilivyo. Zikiwaka zina mambo yake."

Fundi Francis, anayelipwa kuziangalia hizo kompyuta, naye hakuinuka kwenye kiti. "Utazoea tu, dada," alisema.

Kudra alipanda gari hadi Kipatimu, njia yote amenuna, kwenda kuomba radhi. Mjane, Bi Somoe, hakumfokea. Alimuuliza tu, "Mwanangu, nani aliwatuma mtuchezee ngoma?"

"Ni kompyuta, mama. Ilijiwasha yenyewe."

Alipoyasikia maneno ya Haruna yakitoka kinywani mwake, Kudra alijichukia. Akarudi Masoko roho inamuuma, akampigia simu mpwa wake Zuwena, anayefanya kazi ya kompyuta huko Rasbura, Lindi mjini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Humu kuna kitu kinajiwasha chenyewe. Nataka kikome."

Zuwena akamwelekeza: bonyeza vitufe hivi vitatu kwa pamoja, tafuta sehemu inayoonyesha programu zinazoamka na kompyuta, gusa usiyoitaka, izuie. "Haifutiki, shangazi. Mwenyewe akiihitaji ataifungua kwa mkono wake. Ila ile ya kuzuia virusi iache."

Lo! Humo ndani mlikuwa mmejaa kama sokoni. Programu ya muziki, ya kubashiri mechi, ya kupigia soga, hata ya printa iliyokufa zamani na kutupwa. Kudra akazizuia moja baada ya moja, na alipomaliza chai yake ilikuwa bado ya moto. Hapo ndipo hasira ilipompanda hasa. Kumbe ni hivi tu? Kwa jambo la kubonyeza na kuachia, mtu wa watu kaaibishwa siku ya kuzikwa kwake, na wanaume wawili wamekaa tu, hawajali!

"Mbona umenizimia programu yangu?" Haruna alilalamika alipoingia.

"Ukiitaka, ifungue mwenyewe. Ikijifungua yenyewe tena, utatoka nayo mlangoni."

Haruna hakucheka.

Ilipokaribia arobaini, Bi Somoe akashuka mjini na tangazo la hitima. Alikataa kumwachia mtu. Alitaka kukaa ndani akisikia kwa masikio yake. Kabla ya kusoma, Kudra akaizima kompyuta mbele yake, akaiwasha upya. Kioo kikang'aa, usitoke hata mlio. Akasoma, akanyamaza, na mjane akaitikia dua yake kwa sauti ndogo bila kuingiliwa na kitu.

Kisha Bi Somoe akaigeukia ile kompyuta.

"Kumbe inazuilika," alisema.

"Inazuilika, mama."

"Ilikuwa kazi ngumu?"

Kudra angeweza kudanganya. "Hapana, mama. Kazi ndogo sana."

Bi Somoe akajifunga kanga yake vizuri, akainuka. "Basi mngeifanya kabla ya mume wangu."