Sarafu ya Shaba na Majaruba Matatu

Mwalimu wangu wa historia amefariki Iringa, na simu yangu imejaa rambirambi za watu waliomwogopa maisha yao yote. Mimi sitaungana nao. Nilimchukia, na kifo chake hakijanipunguzia kitu.

Alikuwa na sarafu ya shaba ya Warumi wa zama za mwisho, aliyopewa na padri mzee wa Kiitaliano. Ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati. Upande mmoja kuna uso wa mfalme mwenye taji la lulu. Upande wa pili askari anamchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka, na maandishi yanajisifu kwamba nyakati njema zimerudi. Tulipokuwa tukipitishiana darasani, binti mmoja wa wafugaji waliohamia Usangu akauliza, "Mwalimu, na huyu wa chini ni nani?"

"Huyo hana jina. Angekuwa nalo asingekuwa chini. Piga magoti mpaka kengele."

Akapiga. Tukacheka, nami nikiwemo.

Dhahabu ya Warumi ilikwenda kwa wakubwa na askari. Shaba ilikwenda sokoni, ili hata mnunuzi wa mboga ashike mkononi picha ya anayemkanyaga. Mwalimu alilielewa hilo mapema. Alipostaafu akawa mwenyekiti wa skimu ndogo ya umwagiliaji wa mpunga huko Usangu, na sura yake ikajaa kwenye kalenda, fulana na vitenge. Ndipo kikao chake kikamnyang'anya baba wa yule binti majaruba matatu ya mpunga, eti mfugaji hajui kilimo, nayo yakawa ya mwenyekiti mwenyewe. Mzee alileta hati yake ya ununuzi. Mimi nilikuwa katibu, na sikuiandika kwenye muhtasari.

Juzi makaburini Kilolo, msemaji wa familia alitangaza kama ilivyo desturi: mwenye jambo na marehemu aonane na ndugu. Huwa hajitokezi mtu. Yule binti, sasa mama mtu mzima, akasimama.

"Kamwene," akasalimu kwa Kihehe. "Mimi ninalo. Majaruba ya baba yangu."

"Mama, vumilia, tumalize msiba kwanza."

"Wangu nao haujaisha, baba. Mzee wangu amekufa akifanya kibarua kwenye shamba lake mwenyewe."

Wakamvuta akae. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza tena.

Nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba ukubwa wa watu kama yule tunaujenga sisi makatibu, kwa yale tusiyoyaandika. Basi, ndugu wa marehemu, leo naandika: hati niliiona kwa macho yangu, ikiwa na saini za mashahidi. Majaruba si yenu. Yarudisheni, na mkikataa, nitayasema hayahaya mahakamani.