Pini ya Cheni Nyembamba

Fundi mmoja wa baiskeli watu walimwita Injinia, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Dada yake mkubwa alisambaza mikate kwa baiskeli yenye gia saba nyuma. Sura haikuwa nayo, lakini haikuwahi kumsumbua. Injinia ndiye aliyemshawishi.

"Dada, saba ni za zamani. Nikufungie kumi na moja, ule mlima utaupanda unaimba."

"Kuimba sijui, mdogo wangu. Lakini fundi ni wewe."

Hakumwambia upande wa pili. Hata ukibadilisha gurudumu, nafasi ya nyuma inaongezeka kidogo tu. Ili sahani kumi na moja za meno zienee, kila moja inapunguzwa unene, zinabananishwa, na cheni nayo inakuwa nyembamba. Miguu inafurahi, kwa sababu kutoka gia hadi gia ni hatua ndogo. Ila cheni inalika upesi, na fundi akikosea haimsamehe.

Cheni ile huungwa kwa kiungo chake maalumu. Injinia hakuwa nacho. Akairudisha pini aliyoichomoa alipoipunguza cheni urefu, akaigonga kama alivyozoea kwenye cheni nene, akasema, "Tayari."

Ikakatika mlimani, dada akiwa amesimama juu ya pedali. Mikate ilitawanyika barabarani, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Injinia alipoiinua cheni aliona pini imechomoka upande mmoja. Akajua papo hapo. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Dada, ulibadilisha gia huku umekaza pedali, sivyo?"

Dada akafikiri. "Labda. Nisamehe, nimekuharibia kazi."

Tangu hapo kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa hivyohivyo: kosa ni langu, mdogo wangu alifunga vizuri. Injinia akiwapo aliinamia kucha zake, na chai yake ikapoa. Siku moja shemeji yake, ambaye sasa alibeba mikate kwa miguu, akamwambia, "Akipona, mfundishe dada yako kubadilisha gia polepole. Tusikutie hasara tena."

Hapo uso ukamshuka kabisa.

"Shemeji, ngoja. Dada, ile pini niliirudisha ileile. Haikutakiwa. Na nilijua tangu siku uliyoanguka."

Shemeji akaweka kikombe chini. Dada aliutazama mkono wake wa plasta.

"Cheni kukatika ni mambo ya kazi," akasema. "Lakini uliniacha niombe radhi kwa kila aliyeingia humu."

Injinia alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Akaenda zake kumtengenezea tena gurudumu la gia saba.

Mkono ulipopona dada alirudi barabarani. Akipita karakana anaitikia salamu na kuulizia watoto, hana kisirani. Ila breki zikilegea, anavuka kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Injinia huinama wakati huo, akijifanya anatafuta spana ambayo tayari ameishika mkononi.